Chumba cha Mheshimiwa

Fundi saa alikuwa anamwogesha Mheshimiwa katika beseni la mjukuu wake.

Beseni lenyewe lilikuwa jipya, la rangi ya waridi, bado lina karatasi ya dukani ubavuni, na mtoto aliyenunuliwa beseni hilo hajawahi hata kuliona. Mkewe alikuwa amelificha juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku. Lakini umfiche nini mtu anayeshinda kutwa na lenzi jichoni akitafuta skrubu zilizodondoka sakafuni? Mama wa watu alirudi kutoka hospitali, hata viatu hajavua, akamkuta mumewe kachuchumaa uani, mikono ya shati kaikunja, anammiminia njiwa maji ya vuguvugu kwa kikombe cha chai.

"Funga macho, baba, funga macho," fundi saa alikuwa anambembeleza njiwa. "Sabuni isikuingie."

Mke akasimama palepale. Walikuwa wamelea binti mmoja ndani ya nyumba ile mpaka wakamwoza, na hakukumbuka hata siku moja kumsikia mume huyu akimwambia mtoto afunge macho sabuni isimwingie. Sabuni nayo aliijua. Ilikuwa ile ya maji ya watoto wachanga. Pembeni yake kulikuwa na kichupa cha bluu ya kufulia, na hicho pia alikijua, maana alikitoa yeye mwenyewe kazini kwa dobi, ambako alikuwa mpiga pasi.

Njiwa wa maonyesho, kwa asiyejua, ni mgonjwa wa kudumu asiyeumwa. Huoshwa maji mara tatu, na yale ya mwisho hutiwa tone la bluu ili weupe ukolee. Miguu yake husuguliwa kwa mswaki, ikapakwa mafuta ya mgando. Mdomo hupigwa tupa, na unyoya uliokaa upande hung'olewa kwa kibano. Haruhusiwi jua, kwa sababu jua hutia manjano, wala mvua, wala paka, wala wasiwasi. Huyu aliitwa Mheshimiwa kwa sababu ya kifua. Akisimama sawasawa, kifua kilipanda mbele, kichwa kikarudi nyuma mpaka kikaegemea mkia, na mkia ukafunguka wote kama upepeo. Hapo alikuwa haoni mbele na hajali kama haoni, na jina lilimkaa barabara.

"Sista kasema Jumatatu tunaondoka," mke akaanza. "Kitanda kinahitajika. Mtoto ameongezeka uzito, ila kifua bado. Kasema chumba kiwe kikavu, kisafi, kisiwe na vumbi la aina yoyote. Nikamwambia tunafuga njiwa. Akaniuliza, ndani? Nikaona haya, mzee. Nikamwambia wako uani."

"Sasa mbona umemdanganya sista wa watu?" fundi saa akauliza, bila kuinua macho.

Hapo ndipo alipomkoroga. "Nimemdanganya kwa sababu yako!" mke akapaza sauti. "Nimwambie nini? Kwamba chumbani kwa binti yangu analala ndege? Mumewe yuko njiani na lori, kwake ni nyuma ya kiwanda cha mbao, vumbi la msumeno linaingia mpaka kwenye sufuria. Sebuleni amelala mama yako na kikohozi chake. Huyo mtoto nimweke wapi, nimtundike kwenye msumari?"

Ndani ya beseni, Mheshimiwa akajikung'uta. Kifua kikapanda. Mkia ukafunguka, maji yakidondoka kila unyoya.

"Endelea," fundi saa akasema kwa sauti ya chini.

"Niendelee na nini?"

"Na hayo unayosema. Nakusikiliza."

Mke akashikwa na mshangao, kisha, tusimfiche, akafurahi. Ni lini mara ya mwisho mume huyu kumwambia anamsikiliza? Akaendelea. Akayamwaga yote ya chumba, ya dawa, ya manyoya kwenye maziwa, na mumewe akatikisa kichwa kwa makini, macho kwa njiwa. Mwisho fundi saa akatoa ahadi, mbele ya mama yake mzazi aliyekuwa ameketi kizingitini. "Maonyesho ni Jumapili. Mheshimiwa akishindwa, siku hiyohiyo nawatoa wote, narudi nao bandani uani. Chumba chako."

"Na akishinda?"

Fundi saa akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Akishinda anaingia mashindano makuu, mke wangu. Ni mpaka mwakani. Bingwa utamtoaje chumbani?"

Kisha akamfunga njiwa kwa taulo na kumpeleka ndani. Chumba kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni, kwenye mkufu wa saa ya mfukoni ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.

*

Kesho yake jioni mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa njiwa wa maonyesho alikuja kukagua. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado aliingia nyumba za watu kama anaingia darasani. Mke wa fundi alimkaribisha, akamvutia kiti jikoni, akarudi kwenye pasi yake. Alikuwa na mashati meupe ya mteja mmoja wa dobi, mteja mgumu, na alikuwa ameyaleta nyumbani ili apate muda wa kupita hospitali.

Juu ya friji ndipo kilipokaa kizimba cha mazoezi. Wataalamu wanasema njiwa azoeshwe kelele za watu, asije akaingiwa na woga ukumbini, na jikoni ndiko kwenye watu. Mheshimiwa alikuwa humo, kajikunja kama soksi.

"Huyu ndiye?" mwenyekiti akauliza, amevunjika moyo. "Mbona amelegea?"

"Subiri," fundi saa akasema. Alikuwa anapaka mafuta mguu wa njiwa mwingine. Akaja mezani taratibu, akaweka kiganja chake chote cha mafuta juu ya shati lililokwisha pigwa pasi, kifuani.

"Wewe!" mke akapiga ukelele. "Una wazimu? Hilo shati la watu! Nitamwambia nini dobi, kwamba mume wangu ana mikono ya mtoto wa miaka miwili? Nimetoka hospitali, sijala, nimesimama hapa miguu inawaka moto, na wewe badala ya kunisaidia..."

Na kadhalika. Alikuwa na haki ya kila neno. Juu ya friji, Mheshimiwa aliinuka. Kifua mbele, kichwa nyuma, mkia duara kamili. Vidole vya miguu vikawa vinatetemeka kidogo, jambo ambalo waamuzi hulipenda mno.

Mwenyekiti akapiga makofi. "Kumbe kweli! Mimi nilidhani unatia chumvi."

"Nilikwambia, mwenyekiti. Kadiri anavyolalamikiwa ndivyo anavyovimba."

"Kama waheshimiwa wetu wa kule juu," mwenyekiti akacheka. Akamgeukia mke wa fundi na kuinamisha kichwa. "Mama, una sauti nzuri sana. Nzito, lakini haikwaruzi. Jumapili lazima uje. Tutakutafutia kiti karibu na meza."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati. Akaiinua kabla haijaunguza. Ghafla akaona miezi yote iliyopita, moja baada ya nyingine: viatu vyenye tope juu ya kitanda, bomba lililoachwa wazi, shemeji aliyekaribishwa kula bila taarifa, mlango uliobamizwa mama mkwe akiwa amelala. Alidhani ni uzee unamwingia mumewe. Alikuwa amemwombea dua. Kumbe alikuwa anapigwa kama ngoma, na kila alipolia, ndege alikuwa anacheza.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akakunja shati lile, akaliweka kwenye nguo za kufuliwa upya, akasema kwa upole, "Mwenyekiti, nikuwekee chai?"

Mheshimiwa akashusha mkia.

*

Kuanzia hapo nyumba ile ikapata amani ambayo haijawahi kuonekana.

Asubuhi fundi saa alionja chai na kusema ni maji ya kuoshea miguu. "Pole, mume wangu," mke akajibu. "Nikuongezee majani?" Mchana alipita na viatu juu ya sakafu iliyopigwa deki. Mke akachukua tambara, akafuta nyuma yake, akimtakia kazi njema. Jioni akamwambia kwamba mke wa jirani anazidi kupendeza. "Hata mimi nimemwona," mke akasema. "Tena amepungua vizuri." Maneno yalimjaa kooni mpaka akawa anameza kama mtu aliyekwamwa na mfupa, lakini alimeza. Sasa alijua thamani ya mdomo wake. Akisema, njiwa anashinda, na chumba kinakwenda. Akinyamaza, mjukuu analala kitandani.

"Mwanangu, unaumwa?" mama mkwe akamwuliza, na kumgusa paji la uso.

"Niko salama, mama."

"Basi mwanangu wa kumzaa ndiye mgonjwa," bibi akasema, akimtazama fundi saa, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mbele ya friji ameshika kichwa.

Mheshimiwa alikuwa ameanguka kabisa. Fundi saa akamwomba mama yake amgombeze badala ya mkewe. Bibi alianza vizuri, akamwita mvivu na mkaidi tangu tumboni, ila katikati akakumbuka jinsi alivyokuwa mtoto mzuri, akaishia kumwombea baraka. Njiwa hakufumbua jicho. Fundi saa akajifungia chumbani akajigombeza mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya kike. "We mwanaume, una akili kweli we?" ilisikika nyuma ya mlango. "Utakufa na ndege zako!" Mkewe alikuwa anapita na ndoo. Akakimbilia uani, akacheka mpaka akakaa chini.

Hospitali alimkuta binti yake ameketi, mtoto kifuani, mdogo bado, uso umekunjamana kama wa mzee aliyechukizwa na habari.

"Baba atakuja lini?" binti akauliza.

"Atakuja."

"Tangu nilazwe unasema atakuja."

Angemwambiaje? Fundi saa alikuwa ameeleza wazi sababu yake ya kutokwenda. Aliogopa kumletea Mheshimiwa vijidudu vya wodini.

"Mama, mimi nitakwenda kwangu tu," binti akasema. "Nitaziba dirisha kwa shuka."

"Hutaziba kitu," mama yake akamkata. "Jumapili chumba kinapatikana. Baba yako hajui tu hali ilivyo. Wanaume hawaoni mambo haya, mwanangu. Akijua mwenyewe ataona haya." Na alikuwa anaamini anachokisema. Ni kwa imani hiyohiyo alikuwa ameweza kuishi na mtu yule miaka yote bila kumchukia.

*

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa shule. Vizimba vilipangwa juu ya meza ndefu, kila kimoja na namba yake, na mbele ya kila kizimba mwanamume mzima alikuwa anafanya jambo ambalo asingependa wateja wake walione. Mwanasheria alikuwa anapuliza unyoya mmoja mmoja. Ofisa wa kodi, ambaye mjini watu walivuka barabara wakimwona, alikuwa analia kwa kuwa njiwa wake amevunja kucha. Muuza nyama, ambaye njiwa wake alilelewa buchani, alikuja na gogo na shoka lake, akawa anapiga gogo tupu, paa, paa, na kila pigo njiwa wake alizidi kunyooka. Hakuna aliyemkataza, kwa maana kanuni zilikataza dawa na rangi tu.

Mke wa fundi aliwekewa kiti karibu na meza, kama alivyoahidiwa. Alikuja ili mume asije akageuza maneno baadaye. Alikaa mikono mapajani, midomo imebana.

Mwamuzi, bwana mwembamba aliyevaa koti jeupe na kushika kijiti, alikuwa bado meza ya mbali. Mheshimiwa alikuwa amelala juu ya maranda. Fundi saa akainama sikioni kwa mkewe.

"Umevaa gauni baya," akasema.

"Nitabadilisha tukirudi."

"Nimemkopesha kaka yangu radio yako."

"Ameshairudisha, mume wangu. Ameileta jana."

Mwamuzi akahamia meza ya pili. Jasho likamtoka fundi saa. Akavuta pumzi, na safari hii hakunong'ona kwa mzaha. Alisema haraka, macho kwa njiwa, kama mtu anayesoma bei.

"Binti yako ni mlegevu. Wenzake wanabeba mimba mpaka mwisho."

Vidole vya mke vikashikana.

"Ulisema sista alikupa kitanda. Sista hakukupa kitanda. Ulilala sakafuni, chini ya kitanda cha mwanao, siku zile za kwanza, na mgongo ndio maana unakuuma. Ukirudi unaingia bafuni unafungua bomba, unalia, unadhani maji yanaficha. Lile sweta la manjano umelifumua mara ngapi ulipunguze, kwa sababu mtoto hakui? Juzi alipokataa ziwa ulipiga pasi mikono inatetemeka. Haya! Si yanakuuma? Sema basi! Sema!"

Mkewe akageuza uso, akamtazama. Lilikuwa jambo la ajabu: maneno yote yaliyomjaa kooni wiki nzima hayakuwepo tena. Aliyatafuta, hakuyaona. Alikuwa amemsamehe mtu huyu mara nyingi mno kwa sababu hajui. Kila asubuhi alimtetea mbele ya binti yao, mbele ya sista, mbele ya roho yake mwenyewe, kwamba hajui. Na kumbe kila kitu alikuwa amekiona, kwa jicho lile la fundi lisilopotewa na skrubu, akakiweka akiba.

"Kumbe unajua," akasema. Sauti haikumfikia hata aliyeketi jirani.

"Najua! Sasa pandisha sauti, anakuja!"

"Ulikuwa unajua yote."

Mwamuzi akafika. Akaingiza kijiti, akamgusa Mheshimiwa kifuani, mara moja, mara mbili. Mheshimiwa akamtazama kwa jicho moja, akajivuta upande wenye kivuli. Mwamuzi akaandika kitu kifupi, akapita. Nyuma yake shoka likapiga gogo, paa, na ukumbi ukashangilia.

"Umenidhalilisha," fundi saa akasema, na kweli machozi yalikuwa yanamlenga. "Mbele ya chama kizima. Kila siku mdomo haufungi, siku ninayokuhitaji ndiyo umekuwa bubu. Hata neno moja?"

Mwenyekiti naye alisogea, uso umejaa masikitiko ya kiofisi. "Mama, tulikutegemea."

Mke wa fundi akasimama, akanyoosha kiganja kwa mumewe. "Ufunguo."

Watu walikuwa wanatazama. Fundi saa aliangalia kulia, akaangalia kushoto, hakuona wa kumsaidia. Akavua mkufu shingoni, ukamnasa kwenye sikio, akaunasua, akautia kiganjani mwa mkewe.

*

Alipofika nyumbani alifungua madirisha ya chumba kile, yote mawili, kwa nguvu, kwa maana yalikuwa yamegandishwa na uchafu. Manyoya yakainuka yakamzunguka. Akajifunga kitambaa puani, akatoa vizimba koridoni, akakung'uta, akafagia, akaanza kusugua ukuta kwa brashi na maji ya sabuni. Mama mkwe alivuta kiti chake mpaka mlangoni, akawa anamwonyesha palipobaki.

Fundi saa alirudi jua limepungua ukali, amebeba Mheshimiwa katika kizimba chake. Akakiweka juu ya vile vingine koridoni. Hakuingia. Aliketi kwenye sanduku, mgongo kwa ukuta, kofia magotini.

Mkewe alikuwa juu ya stuli, anasugua pembe ya juu. Ndipo yakaja. Hayakuja ukumbini yalipoitwa, yakaja pale, bila kuitwa, mkono ukiwa umelowa mpaka kwapani. Akashuka, akasimama mlangoni na brashi yake.

"Ulikuwa unajua!" akapaza sauti mpaka jirani akazima radio. "Ningekuwa nimeolewa na kipofu ningemshika mkono! Ningekuwa nimeolewa na mjinga ningemfundisha! Wewe umenisikia nikilia ukahesabu machozi yangu utumie kwa ndege! Mwanao amekuulizia kila siku, baba yuko wapi, na mimi nakufichia aibu, nasema hajui, hajui! Mwanao, mwanaume wewe! Damu yako! Mtoto ana kucha ndogo hata wewe na lenzi yako ungezitafuta, na hujamwona! Hujamshika! Unaogopa vijidudu!" Hapo sauti ikamkatika, akalia wazi, bila bomba, brashi ikimdondokea maji miguuni.

"Mwanangu!" bibi akaita kutoka kitini, kidole kimenyooshwa. "Mwanangu, tazama! Mheshimiwa kasimama!"

Kweli alikuwa amesimama, tena kama hajawahi kusimama maishani mwake. Kifua kilikuwa kimepanda mpaka kichwa hakionekani, mkia umejaa kizimba, vidole vinatetemeka juu ya waya. Ungemleta mwamuzi yeyote angevua kofia.

Fundi saa alikuwa kando yake tu. Shingo ilitaka kugeuka. Iligeuka kidogo hata, mishipa ikaonekana, kisha akairudisha. Alikuwa anamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa na macho mekundu, umechoka, hauna pa kujificha.

"Nasikia, mama," akamjibu mama yake, ingawa mama yake hakumwuliza kama anasikia.

Akainuka. Akachungulia ndani ya ndoo, kwenye maji meusi yenye manyoya juu.

"Haya yameshachafuka," akamwambia mkewe. "Nikubadilishie?"

Mke akajifuta uso kwa kiwiko. Alimtazama kwa muda, kama anamtafuta mtu ndani yake. "Badilisha," akasema. "Na urudi upesi. Sijamaliza na wewe."

Fundi saa akainua ndoo, akapita mbele ya vizimba macho yake sakafuni, akaenda bombani.